Makaa Machache, Maharage Yakaiva

Swali: Gunia la makaa halinifikishi mwisho wa mwezi, na misitu nasikia yateketea. Nifanyeje? (Mama wa nyumba, Tanga)

Jibu: Bibi, kwa kuwa matanuri ya asili hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya mti kabla makaa hayajafika sokoni, kila kipande unachokiweka akiba jikoni huokoa kuni nyingi zaidi mwituni. Jiko lenye bitana ya udongo ni bora kuliko la bati tupu. Lakini faida kubwa, kwa rai yangu, imo katika maharage. Yaroweke usiku kucha, uyamwage maji yale, uyachemshe barabara kwa dakika 20, kisha sufuria, hali imefunikwa, uizamishe ndani ya kapu lililotandikwa mablanketi makuukuu, nayo hari iliyomo itayaivisha taratibu pasipo moto. Tui litie baadaye, ukiyarejesha jikoni.