Mpiga Picha wa Bamako

Je, una picha ya marehemu babu au bibi yako? Wengi wetu hatuna. Soma habari za mtu huyu.

Seydou Keïta alizaliwa mnamo mwaka 1921 mjini Bamako, nchini Mali. Hakusoma shule. Tangu utotoni alijifunza useremala. Mwaka 1935 alipewa kamera ndogo iliyotoka Senegali. Kazi ya kusafisha picha alijifunza kwa mpiga picha aliyemtangulia, Mountaga Dembélé. Mwaka 1948 alifungua studio yake. Watu wengi walimwendea. Ukitaka kazi hii, jifunze kwake.

1. Tumia mwanga wa jua. Keïta alipiga picha nyingi uani, mchana. Jua likiwa utosini hutia kivuli machoni. Basi mweke mtu kivulini, uso uelekee penye mwanga.

2. Anza na ulicho nacho. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa kitambaa cha kitanda chake.

3. Mheshimu mteja. Studioni aliweka suti, saa na redio. Asiye na suti aliazimwa. Keïta alimpanga kila mtu: bega, mkono, kichwa, mpaka apendeze. Nawe msalimu mteja kwanza, kisha mwelekeze kwa upole: "Mama, inua kidevu kidogo."

4. Tazama kabla ya kubonyeza. Filamu ilikuwa ghali. Kwa kawaida Keïta alipiga mara moja tu kwa kila mteja. Hata ukitumia simu, usipige ovyo. Haraka haraka haina baraka.

5. Tunza kazi yako. Keïta alizihifadhi filamu zake miaka mingi. Mwaka 1994 picha zake zilionyeshwa Paris, Ufaransa, zikasifiwa sana. Alifariki mwaka 2001. Wengi aliowapiga picha wamekwisha kufa, lakini nyuso zao tunaziona.

Kwa hiyo, mzee akikaa mbele ya kamera yako, usifanye mzaha. Huenda picha hiyo ndiyo pekee watakayoachiwa wajukuu wake.

Maswali
1. Keïta alifanya kazi gani kabla ya kupiga picha?
2. Kwa nini alipiga mara moja tu?
3. Katika kijiji chenu, ni nani apigwe picha sasa, kabla hatujachelewa? Andika jina lake na sababu.