Somo la 12: Mtoto Asiyependa Kuoga

Jioni ikifika, katika nyumba nyingi husikika kilio. Mama ametenga maji. Mtoto ameliona beseni, amekimbilia nyuma ya nyumba. Mama anamfuata na fimbo. Mtoto anakamatwa, anamwagiwa maji, analia mpaka sauti inamkauka. Kesho yake ni hivyo hivyo.

Je, mtoto huyu ni mkaidi? Mara nyingi si mkaidi. Anayo sababu yake. Katika somo hili tutazitafuta sababu hizo. Kisha tutajifunza namna ya kumfanya mtoto ayapende maji.

Kwa nini mtoto aoge?

Mtoto mdogo hucheza chini. Hushika udongo, hushika mbuzi na kuku, kisha hutia vidole mdomoni. Uchafu wa mikononi huleta ugonjwa wa kuhara. Ngozi isiyooshwa hupata vidonda kwa urahisi.

Macho nayo yana adui. Nzi hupenda kutua kwenye uso wenye makamasi na tongotongo. Nzi huyo huyo huruka akatua kwa mtoto mwingine. Hivyo hueneza trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Mtoto akiupata mara nyingi, kope zake huweza kugeukia ndani atakapokuwa mtu mzima. Kope hizo husugua jicho, na mwisho wake ni upofu. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, wataalamu waliuchunguza sana ugonjwa huu kuanzia miaka ya 1980. Ilionekana kwamba watoto ambao nyuso zao zilidumu kuwa safi hawakupata trakoma kali kwa wingi kama wenzao.

Kwa hiyo kuoga si urembo tu. Kuoga ni kinga.

Kwa nini mtoto hukataa?

Sababu ni nyingi. Hizi ndizo za kawaida:

1. Maji ni ya baridi, au ni ya moto mno.
2. Sabuni iliwahi kumwingia machoni. Mtoto hasahau.
3. Alimwagiwa maji kichwani kwa ghafula, akakosa pumzi.
4. Ana kidonda au upele, na anaposuguliwa huumia.
5. Ameitwa ghafula wakati mchezo umenoga.
6. Amezoea kuchapwa anapooga. Kwake yeye, kuoga na fimbo ni kitu kimoja.

Mzazi mwenye busara hutafuta kwanza sababu ya mtoto wake. Ukiijua sababu, dawa yake si ngumu.

Tufanye nini?

Chagua saa nzuri. Mwogeshe mtoto kabla jua halijazama na baridi haijaanza. Usimngoje mpaka asinzie. Mtoto mwenye usingizi hulia kwa jambo dogo.

Mwambie mapema. Usimnyakue mchezoni. Mwambie, "Ukimaliza kujenga kibanda chako, tutaoga." Hapo hujiandaa moyoni.

Tengeneza maji vuguvugu. Tia kwanza maji ya baridi katika beseni, halafu ongeza ya moto. Koroga. Jaribu kwa kiwiko chako, kwa sababu kiganja cha mtu mzima kimezoea moto. Maji yakikuchoma kiwiko, yatamchoma mtoto.

Anza na miguu. Kisha mikono, tumbo na mgongo. Kichwa kiwe mwisho. Mwambie kabla hujamwaga maji: "Sasa ni zamu ya kichwa."

Mpe vitu vya kuchezea. Havihitaji fedha. Gunzi la mahindi huelea. Jiwe huzama. Kifuu cha nazi huchota maji. Toboa matundu madogo chini ya kopo la plastiki, nalo litanyesha kama mvua. Usitumie kopo la bati lenye makali.

Imba. Tunga wimbo wako mwenyewe wa kutaja viungo: mkono huu, goti hili, sikio lile. Mtoto atajifunza majina ya mwili wake huku akioga.

Tuangalie nyumba moja

Mama amekwenda shambani. Bibi amebaki na mjukuu wake wa miaka mitatu.

"Mume wangu, njoo," Bibi anaita.

"Sitaki kuoga!"

"Tutaoga baadaye kidogo. Kwanza nisaidie kumwogesha mtoto huyu."

Bibi anamwonyesha gunzi lililofungwa kipande cha kanga. Mjukuu anacheka. Anasogea. Analitia gunzi majini.

"Bibi, linaelea!"

"Na jiwe je?"

"Limezama!"

"Haya. Gunzi limekwisha oga miguu. Na wewe je?"

Mtoto anatia mguu mmoja, halafu wa pili. Bibi anachota maji kwa kopo lenye matundu.

"Mvua inakuja! Inyeshe wapi, begani au mgongoni?"

"Mgongoni!"

"Na kichwani?"

"Kichwani sitaki. Sabuni inauma."

"Pole, mume wangu. Basi shika kitambaa hiki, ufunike macho. Tazama juu. Nitahesabu mpaka tatu, kisha imekwisha."

Bibi anahesabu. Anamwaga maji kidogo kuelekea kisogoni. Anapofika tatu, anaacha kweli. Kisha anamfuta, anampaka mafuta na kumvika nguo kavu.

Tunajifunza nini? Bibi hakumtisha mtoto. Hakumdanganya pia. Alisema watahesabu mpaka tatu, na ikawa tatu. Alimpa kazi na akampa nafasi ya kuchagua. Mtoto anayechagua huona kuwa anaoga mwenyewe, haogeshwi kwa nguvu.

Wazazi wengine husema, "Usipooga, daktari atakuchoma sindano." Si vizuri. Mtoto atauogopa ubeti wa maji, na zahanati ataiogopa pia. Siku akiugua, atajificha.

Kazi hii si ya mama peke yake. Baba anayemwogesha mtoto wake humzoea, na huona mapema kama mtoto ana kidonda, upele au amekonda.

Tahadhari

Usimwache mtoto mdogo peke yake penye maji, hata kidogo. Mtoto huweza kufa maji katika beseni au ndoo, tena bila kelele. Ukiitwa nje, mchukue. Ukimaliza, mwaga maji yote. Funika pipa na ndoo.

Sufuria ya maji ya moto iwekwe mbali na mtoto.

Usimwogeshe katika dimbwi au kando ya ziwa penye kichocho. Vijidudu vya kichocho hupenya ngozini.

Mtoto mwenye macho mekundu awe na kitambaa chake peke yake. Mpeleke zahanati. Vivyo hivyo kwa upele unaowasha usiku: kuoga peke yake hakuuponyi. Unahitaji dawa, na watu wote wa nyumbani watibiwe pamoja.

Maji yakiwa haba

Kuna vijiji ambako maji huchotwa mbali. Hata hivyo, usiache kabisa. Osha uso, mikono, makalio na miguu kila siku. Kuosha uso wa mtoto kunahitaji maji kidogo sana, kama ukimwaga polepole kutoka kwenye kikombe. Maji yaliyotumika yamwagie migomba.

Ndugu msomaji, wahenga walisema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayezoea maji kwa furaha leo, kesho ataoga bila kuitwa.

Maswali ya majadiliano

1. Taja sababu tatu zinazomfanya mtoto akatae kuoga. Ipi inamhusu mtoto wako?
2. Kwa nini tunatia maji ya baridi kwanza?
3. Nzi huenezaje trakoma?
4. Kuna ubaya gani kumtisha mtoto kwa sindano?
5. Katika kijiji chenu, ni mahali gani si salama kwa watoto kuoga?

Hesabu

Mtoto mmoja anaoga kwa lita 4 za maji.
a) Ndoo ya lita 20 itaogesha watoto wangapi?
b) Mtoto mmoja atatumia lita ngapi kwa siku 7?

Maneno ya kuandika

beseni, vuguvugu, kiwiko, gunzi, kisogo, tahadhari, haba

Kazi ya nyumbani

Tengeneza chombo kimoja cha kuchezea majini kwa vitu vya nyumbani. Kitumie kwa siku tatu. Andika sentensi tatu kueleza mtoto alifanya nini. Zisome darasani katika somo lijalo.