SHIMO LA GESI NA UKALI WA AMONIA

Ninyi wanavijiji wa Bunia, na ninyi mkaao karibu na machimbo ya Kilo na Mongbwalu, mwajua jinsi kuni zilivyokwenda mbali. Mama atoka asubuhi, arudi jua likiwa kichwani, na tita moja tu. Shimo la gesi laweza kumpumzisha. Katika Rwanda, tangu mwaka wa 2001, magereza yalianza kupikia gesi ya vyoo vyao, kuni zikapungua karibu nusu. Lakini shimo lisilotunzwa hufa.

Shimo hula nini?

Ndani ya shimo lililofungwa, pasipo na hewa, hukaa vidudu visivyoonekana kwa macho. Hula mavi na kutoa gesi iwakayo. Vitunzeni kama mifugo: chakula kibaya huviua.

Mkojo, mavi ya watu na mavi ya kuku yana azoti nyingi. Katika mavi ya ng'ombe, kwa sehemu 1 ya azoti ziko sehemu 20 hivi za kaboni. Katika mavi ya kuku 10 hivi. Katika mabua makavu ya mahindi 60 hivi. Vidudu vyapenda 20 hata 30. Azoti iliyozidi hugeuka amonia, ile hewa ichomayo pua katika banda la kuku. Ikipita gramu 3 katika lita moja ya tope, vidudu hulegea na kufa.

Mtu mmoja alitia ndoo ya mavi ya kuku kila siku, akisema, «Mavi makali, moto mkali.» Juma la tatu moto ukawa mwembamba. Akatia majivu, ukazimika kabisa. Maana majivu na chokaa huzidisha ukali wa amonia. Mkewe akashika tena njia ya kuni, mtoto mgongoni.

Dawa yake

1. Moto ukilegea na tope likichoma pua, acheni kulisha shimo.
2. Toeni tope kidogo kila siku, mtie maji kadiri ileile. Msitoe yote mara moja, vidudu visije vikatoka nalo.
3. Moto ukirudi, tieni mavi ya ng'ombe ndoo moja na maji ndoo moja. Mavi ya kuku yawe kidogo, pamoja na mabua yaliyokatwakatwa.
4. Maji ya kuoshea dhahabu yenye zebaki yasiingie kamwe; ni sumu.
5. Mtu asiingie shimoni, hata likiwa tupu. Gesi huua.

Tope litokalo ni mbolea njema ya migomba. Lisitiwe kwenye mboga ziliwazo mbichi.

Yule mtu alifuata maneno haya, na baada ya miezi miwili mkewe alipika tena bila kuni.

Maulizo

Amonia yatoka wapi? Kwa nini majivu hayafai? Nyumbani kwako kuna mavi gani, nawe utayachanganya na nini?