Rangi ya Kiazi na Kuona Jioni

Tuanze na mwanga. Tunaona kitu kwa sababu mwanga uliokigonga hurudi, huingia machoni kupitia mboni na kufika kwenye utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, uitwao retina. Retina ina seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Koni hutambua rangi wakati wa mchana. Fimbo hufanya kazi mwanga unapokuwa hafifu. Mtoto wa Choma, wilayani Igunga, anayerudisha ng'ombe zizini jua likishazama, huiona njia kwa msaada wa fimbo.

Ndani ya fimbo mna kemikali iitwayo rodopsini. Imeundwa kwa protini pamoja na kipande kidogo kilichotokana na vitamini A. Kipande hicho kimepinda. Mwanga ukikigusa hunyooka, na kunyooka huko ndiko kunakoanzisha ishara iendayo kwenye ubongo. Baadaye hukunjwa upya kitumike tena, ila kiasi fulani hupotea, nacho lazima kifidiwe na chakula. Aliyeigundua vitamini hii ndani ya retina, George Wald wa Marekani, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Vitamini A ikipungua mwilini, dalili ya mapema huwa upofu wa usiku: mtoto anaona vizuri mchana, lakini magharibi anajikwaa na kupapasa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe zahanati bila kungoja, kwani baadaye uso wa jicho hukauka, hupata vidonda, na upofu unaofuata hauponi.

Vitamini A yenyewe imo katika maini, mayai na maziwa. Mimea haina, ina karotini, rangi ya manjano au chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ndiyo inayolipa embe bivu, papai na boga rangi yake. Matembele nayo yanayo, ijapokuwa kijani kimeifunika.

Sasa tutazame kiazi kitamu, chakula kikuu cha nyumba nyingi za Unyamwezi na Usukuma. Kiazi cheupe kinashibisha vizuri, lakini karibu hakina karotini. Michembe na matobolwa, yaani vipande vyake vilivyokaushwa, navyo haviwezi kuwa nayo. Viazi lishe, vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vinayo kwa wingi. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Yeye na wenzake wawili walituzwa kwa kazi yao juu ya viazi hivi.

Hata hivyo, karotini huharibiwa na mwanga na hewa. Michembe ya viazi lishe ianikwe kivulini penye upepo, ihifadhiwe gizani, na iliwe mapema, maana ikikaa ghalani miezi mingi hupoteza sehemu kubwa ya karotini yake.

Tena karotini haiyeyuki katika maji, huyeyuka katika mafuta. Bila mafuta, utumbo hufyonza kidogo tu. Kwa hiyo mboga iliyoungwa kwa karanga za kusagwa hulisaidia jicho kuliko ile iliyochemshwa kwa maji na chumvi. Mawese ya Kigoma yana vyote viwili: ni mafuta, na wekundu wake ni karotini. Yakichomwa sufuriani mpaka yapauke, karotini hiyo imeungua.