Ukubwa wa Kiyoyozi kwa Chumba cha Kulala

Swali: Chumba cha mita 4 kwa 4 jijini Dar es Salaam kinahitaji kiyoyozi cha ukubwa gani, na je, si afadhali kununua kikubwa zaidi?

Jibu: Uwezo wa kiyoyozi hupimwa kwa BTU kwa saa, yaani kiasi cha joto ambacho mashine huweza kukiondoa chumbani kwa muda huo. Kwa makadirio ya kawaida ya BTU 600 kwa kila mita ya mraba, chumba hicho huhitaji takribani 9,600. Kwa hiyo kiyoyozi cha 9,000 hutosha penye dari na kivuli, ilhali cha 12,000 hufaa pale dirisha linapopigwa na jua la magharibi au paa la bati lisipokuwa na dari. Kununua cha 18,000 ni kosa, hasa pwani, kwa kuwa mashine kubwa mno hushusha halijoto upesi na kuzimika kabla ya kuondoa unyevu hewani, hivyo chumba huwa baridi lakini chenye unyevunyevu, nayo kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoozea, huchakaa kwa kuwaka na kuzimika mara kwa mara. Viyoyozi vya inveta, ambavyo hupunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima, hupunguza tatizo hilo bila kuliondoa kabisa.