Ziwa Dogo Lina Samaki Wangapi? Somo la Ziwa Chala kwa Mwenye Lambo na Mwenye Ndoano

Leo tunaacha kidogo kuku na mchicha, tunaongelea samaki. Wengi wenu hapa Segerea, Kinyerezi na Bonyokwa mna mashamba Mkuranga, Kisarawe au Chanika, na kwenye shamba kuna lambo. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Afisa, lambo langu lina samaki lakini wote ni vidole tu, nifanye nini?" Wengine wanauliza kama wanaweza kuruhusu watu waje kuvua kwa ndoano mwisho wa wiki na kulipa ada.

Maswali yote mawili yana jibu moja: kwanza ujue nani anaishi kwenye maji yako na wako wangapi. Usikurupuke kununua vifaranga wengine wala kuingiza watu na mishipi. Ili tuelewane vizuri, nitatumia ziwa ambalo baadhi yenu mnapita jirani kila Desemba mkienda nyumbani Rombo: Ziwa Chala.

Ziwa lenyewe likoje

Chala ni ziwa la maji baridi lililokaa ndani ya shimo la volkano, mashariki mwa Mlima Kilimanjaro. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake: upande huu Rombo, upande ule Taita-Taveta. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 4, yaani kama ekari 1,000 hivi. Kwa ziwa hilo ni dogo sana. Lakini kina chake kinazidi mita 90, na kingo zake ni ukuta mkali wa mawe.

Hakuna mto unaouona ukiingia wala kutoka. Maji mengi yanakuja chini kwa chini, kutokana na mvua inayonyesha Kilimanjaro.

Sasa hapa sikiliza vizuri, maana ndipo watu wanapokosea. Mtu akiona maji mengi hivyo anasema, "humu samaki ni wengi mno." Si kweli. Samaki anahitaji oksijeni na chakula. Kwenye Chala maji ya chini kabisa hayana oksijeni, samaki hawezi kukaa huko. Chakula kinaanzia kwenye mwani, na mwani unahitaji jua, kwa hiyo unaota juu na pembeni. Kwa kuwa kingo ni kali, ile sehemu ya pembeni yenye kina kifupi ni ndogo sana. Kwa hiyo ziwa la kina cha mita 90, kwa samaki, ni kama ukanda mwembamba tu unaozunguka ukuta pamoja na tabaka la juu.

Kati ya Juni na Septemba, wakati wa baridi na upepo wa kusi, maji ya juu yanapoa na kuchanganyika na yaliyo chini yake, rutuba inapanda na mwani unaongezeka. Lambo lako nalo lina tabia hiyo kwa kiwango chake: usiku wa baridi au baada ya mvua kubwa, maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda, asubuhi unakuta samaki wako juu wanahema. Ndiyo maana nasema kila siku: kina cha mita moja hadi moja na nusu kinatosha. Kuchimba shimo la mita nne siyo kuongeza samaki, ni kuongeza gharama ya katapila.

Nani anaishi Chala

Samaki wa asili wa Chala ni perege mmoja ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis hunteri. Makazi yake ya asili ni ziwa hilo tu. Hapatikani Victoria, hapatikani Tanganyika. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka.

Leo hayuko peke yake. Wataalamu waliochunguza ziwa wamekuta samaki wengine watatu walioletwa na watu: perege wa Korogwe, yule perege mla majani (Coptodon rendalli), na furu mmoja mdogo. Samaki hawana miguu, na ziwa halina mto. Waliingiaje? Kwa ndoo. Mtu alikuwa na nia njema, aliona ziwa "halina samaki wa kutosha", akamwaga wengine.

Tatizo ni kwamba chakula hakikuongezeka, ukanda wa pembeni haukuongezeka, ila midomo imeongezeka. Perege wa asili sasa anagombania mwani na mahali pa kuzalia na wageni. Akiisha Chala, hakuna ziwa lingine la kwenda kumchukua. Hiyo ndiyo hasara ya ndoo moja.

Jirani zake wawili wanatufundisha nini

Ukishuka kusini kidogo unakuta Ziwa Jipe, nalo la mpakani, upande wetu likiwa wilaya ya Mwanga. Jipe ni kinyume cha Chala: pana zaidi, lakini kina hakifiki hata mita 3. Maji ya kina kifupi yanapata jua hadi chini, kwa hiyo yana uwezo wa kulisha samaki wengi kwa kila ekari. Lakini udongo unaoletwa na mito kutoka mashamba ya juu umelijaza tope, na matete yamekula eneo kubwa la maji. Pale samaki wanapungua kwa sababu nyumba yao inazibwa, hata kabla hujamlaumu mvuvi.

Halafu kuna Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojazwa miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo samaki walikuwa wengi ajabu, wavuvi wakahamia kwa wingi. Ndivyo bwawa jipya linavyokuwa: ardhi iliyofunikwa na maji inatoa rutuba, samaki wanalipuka. Baada ya hapo rutuba ya mwanzo inaisha, nyavu zinakuwa nyingi na macho yake yanazidi kuwa madogo. Miaka ya 1970 mavuno yalikuwa yameshashuka sana.

Kwa hiyo samaki wachache au wadogo wanaweza kuwa na sababu tofauti: wageni wanagombania chakula, nyumba imeziba, au uvuvi umezidi. Dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Ndiyo maana lazima upime.

Jinsi ya kupima lambo lako

Huhitaji mashine. Unahitaji mishipi mitatu, daftari na futi ya fundi cherehani.

1. Vua kwa kipimo kimoja. Mishipi mitatu, ndoano za saizi moja, chambo kilekile, mahali palepale, saa mbili za asubuhi. Ukipata samaki 12 kwa mishipi 3 kwa saa 2, hiyo ni samaki 2 kwa mshipi kwa saa. Andika. Rudia kila mwezi. Ikiwa mwezi huu ni 2 na baada ya miezi mitatu ni nusu samaki, unajua kuna jambo, hata kama jirani anakwambia "wapo tu, wamejificha".

2. Pima urefu, kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia. Pima angalau samaki 50. Hapa ongezea na wavu, maana ndoano inachagua wakubwa.

3. Angalia umbo. Kichwa kikubwa na mwili mwembamba ni njaa. Angalia pia majike: perege wengi wa kundi la sato hubeba mayai mdomoni. Ukikuta jike wa sentimita 10 tayari ana mayai mdomoni, basi wanazeeka wakiwa wadogo.

4. Hesabu kwa alama. Vua samaki 40 wanaozidi sentimita 12, kata ncha ndogo sana ya pezi la mkia kwa mkasi safi, ukiwa umelowesha mikono, kisha warudishe. Subiri siku tano hadi saba. Vua tena samaki 50 wa saizi hiyohiyo. Tuseme kati yao 10 wana alama. Chukua 40, zidisha kwa 50, gawa kwa 10. Jibu ni 200. Lambo lina samaki wakubwa kama 200. Si hesabu ya benki, ila inakutoa gizani.

Soma majibu kabla ya kutoa dawa

*Wengi, wote wadogo, wembamba, majike wana mayai.* Hawa wamezaliana kupita chakula. Ni ugonjwa wa malambo mengi ya Pwani. Perege anaanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi. Uliweka 1,800 kwenye lambo la mita 20 kwa 30, yaani watatu kwa mita moja ya mraba, ambayo ni sawa kabisa, lakini hukuweka madume tu. Sasa wako maelfu. Usiongeze vifaranga! Toa wadogo kwa wavu, kaanga, lisha kuku, uza. Kama lambo ni la kwako na limefungwa, unaweza kuweka kambale wachache, wakiwa wadogo kuliko perege wako wa kufuga, wale vifaranga wanaozaliwa. Msimu ujao nunua vifaranga wa dume tupu kutoka kituo kinachoaminika.

*Wachache, wadogo, lakini wanene.* Chakula kipo, walaji hawapo. Wakubwa wamevuliwa. Pumzisha lambo miezi kadhaa, kisha tumia ndoano kubwa zaidi na urudishe majike wenye mayai.

*Mchanganyiko wa wadogo, wa kati na wakubwa.* Lambo lako ni zima. Vuna kidogo kidogo, usiharibu.

Je, ndoano inalipa?

Tuanze na Chala, maana wapo wanaotaka kwenda na mishipi Desemba. Kuna perege, hakuna sangara, kwa hiyo usitegemee kupiga picha na samaki wa kilo thelathini. Perege wengi wanakula mwani na vitu laini, hivyo ndoano ndogo na donge la ugali au mnyoo vinafaa, karibu na mawe, asubuhi au jioni. Anzia kwa afisa uvuvi wa Halmashauri ya Rombo ujue kibali na sehemu inayoruhusiwa. Kama huwezi kumtofautisha perege wa Chala na wageni, vua wachache na urudishe majike wenye mayai. Na usiingie majini: ziwa lina historia ya mamba, mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa akiogelea humo.

Kwa lambo lako, biashara ya ndoano inawezekana kama kipimo chako cha kwanza kinaonyesha angalau samaki mmoja kwa mshipi kwa saa. Chini ya hapo mteja atakaa juani saa tatu, ataondoka mikono mitupu na harudi. Toza kiingilio kidogo, kisha samaki auzwe kwa kilo. Weka idadi ya juu kwa kila mtu kwa siku. Andika kila kinachotoka, maana wateja kumi wa Jumamosi wanaweza kumaliza wale 200 ndani ya mwezi mmoja.

Mambo matatu ya kuondoka nayo

La kwanza, usihamishe samaki hai kutoka maji haya kwenda yale bila kuuliza. Sato wa kufuga akitoroka kwenye mafuriko ya masika anaingia mto Ruvu au Rufiji na kuzaana na perege wetu wa asili, mbegu inachanganyika. Weka wavu kwenye bomba la kutolea maji na inua tuta. Masika hayabishi hodi.

La pili, Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza sumu na baruti, na uvuvi wa biashara unahitaji leseni. Mtu akikwambia "tunyunyizie dawa kidogo tuone wako wangapi", mfukuze.

La tatu, kwa wazazi wa hapa mtaani: vijana wanaovua kambale kwenye madimbwi ya Mto Msimbazi wasilete samaki hao jikoni. Mto ule unapokea maji taka ya vyoo na ya viwandani, na kukaanga hakutoi madini mazito. Kambale kuishi mle siyo dalili kwamba maji ni salama, yeye anavumilia maji ambayo samaki wengine wanakufa.

Kazi ya wiki hii: chukua daftari, vua saa mbili, andika. Ukija ofisini kuniuliza kwa nini samaki hawakui, nitakachokuuliza kwanza ni hilo daftari.