Inauma Wapi? Jinsi ya Kumweleza Mhudumu wa Afya Mahali pa Maumivu

Katika zahanati, baada ya jina na umri, swali linalofuata ni: inauma wapi? Wengi hujibu "tumbo" au "mguu", kisha hunyamaza. Jibu hilo si kosa, ila ni pana mno. Mguu kwa Kiswahili huanzia nyongani hadi kwenye vidole. Tumbo limebeba ini, wengu, utumbo, kibofu na, kwa wanawake, mji wa mimba. Unapompigia simu mhudumu wa afya ya jamii usiku, haoni kidole chako kinaonyesha wapi. Ana maneno yako tu.

Anza na pande. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako unayemtazama. Anayemsemea mtoto au mzazi huku amemkabili hukosea hapa kwa urahisi. Juu ni upande wa kichwa, hata mgonjwa akiwa amelala. Tahadhari na maneno "juu ya goti", kwani yanaweza kumaanisha kwenye goti lenyewe au sehemu iliyo juu yake. Ni afadhali useme "vidole vitatu kutoka gotini kuelekea pajani".

Tumbo ligawanye robo nne: mstari mmoja ushuke kutoka chembe cha moyo hadi kinena, mwingine ukatize kitovuni. Ini liko robo ya juu kulia, chini ya mbavu. Wengu uko juu kushoto. Kidole tumbo kwa kawaida kiko chini kulia, lakini kikivimba maumivu mara nyingi huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini kulia baada ya saa kadhaa. Kwa hiyo eleza pia yalianzia wapi na yamehamia wapi. Mama mjamzito anayeumwa juu kulia, chini ya mbavu, hasa akiwa na maumivu makali ya kichwa au macho yanaona ukungu, aende hospitali mara moja. Hizo ni dalili za shinikizo la damu la ujauzito, na si jambo la kungojea siku ya kliniki.

Chembe cha moyo ni kile kishimo chini ya mfupa wa kifua. Wanaoumwa hapo husema "moyo unaniuma", na mara nyingi ni kiungulia tu. Hata hivyo mshtuko wa moyo nao huweza kusikika papo hapo, basi usijipe jibu mwenyewe. Taja mahali, useme kama maumivu yanapanda shingoni, kwenye taya au mkononi. Figo ziko nyuma, pande mbili za uti wa mgongo, karibu na mbavu za mwisho. Anayeumwa huko asiseme "tumbo".

Kwa mguu tuna maneno ya kutosha, tuyatumie: paja, goti, muundi kwa mbele, shavu la mguu kwa nyuma, kifundo, kisigino, unyayo. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua, kufanyiwa upasuaji au kulala kitandani siku nyingi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Hilo linahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Halafu kuna "huku chini". Haya imetufanya tufiche mambo matano ndani ya maneno mawili: njia ya mkojo, uke, uume, korodani na njia ya haja kubwa. Kijana akipata maumivu ya ghafla ya korodani moja, huenda imejisokota na kukosa damu, na zimebaki saa chache tu za kuiokoa. Wengine huona aibu, wakasema ni tumbo. Wazazi, wafundisheni wavulana neno hilo mapema, bila kicheko.

Ukipelekwa upasuaji, orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2009 inataka uthibitishe mwenyewe jina lako, upasuaji unaofanyiwa na mahali penyewe kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Ukiulizwa mara ya tatu, usidhani wamesahau. Jibu tena, na uguse upande wenyewe.